Saab 9-3 iliyoingizwa kutoka nje: nani anatoa hati ikiwa mtengenezaji alishafilisika?

Mwendo wa Pole anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba mawazo ya yeyote aliyewahi kusajili gari ambalo mtengenezaji wake hayupo tena. Gari langu ni Saab 9-3 ya petroli yenye paa la kukunjwa, ambayo kwa mujibu wa hati za nchi ilikotoka ilisajiliwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2007. Limekwisha kulipiwa ushuru na kutolewa forodhani, na kiufundi halina tatizo lolote. Kilichokwama ni usajili.

Ofisi ya usajili inanitaka nilete hati ya ulinganifu, yaani ile karatasi ambayo mtengenezaji huitoa kuthibitisha kwamba gari hili mahususi linafanana na muundo ulioidhinishwa. Aliyeniuzia hakuwa nayo, na alinieleza kwamba yeye pia hakukabidhiwa alipolinunua. Nilipoeleza kwamba kampuni ya Saab Automobile ilifilisika mwezi Desemba 2011, nilijibiwa kwamba hayo hayaihusu ofisi, na kwamba utaratibu ni uleule kwa magari yote: mwandikie mtengenezaji.

Jambo la pili ni kompyuta. Orodha ya chapa ambayo karani hulazimika kuchagua ndani yake haina Saab. Karani mwenyewe, ambaye kwa kweli alikuwa akitafuta namna ya kunisaidia, alipendekeza aandike Opel, kwa kuwa kampuni zote mbili zilikuwa chini ya General Motors na magari yao yana sehemu nyingi zinazofanana. Nilisita, nikaomba nipewe muda wa kuuliza kwanza.

Jambo la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu linanifanya nionekane mdanganyifu. Cheti cha kufutwa usajili kinasema 2007, ilhali namba ya chesisi, kwa walioisoma, inaonyesha 2008. Ankara ya mauzo inataja Austria kuwa nchi gari lilikoundwa, lakini namba ya chesisi inaanza na YS3, na afisa aliniambia kwamba hiyo ni Uswidi. Akahoji, nami simlaumu, inawezekanaje gari moja likatoka nchi mbili katika miaka miwili tofauti.

Basi ninauliza: nani hasa mrithi wa wajibu wa kutoa hati kwa magari ya namna hii? Je, nikubali kuandikiwa Opel ili mambo yaende, kisha nirekebishe baadaye? Na hizo tofauti za mwaka na nchi zinaelezwaje kwa maandishi, kwa namna itakayomridhisha afisa ambaye hana sababu yoyote ya kuniamini?

Karani Mstaafu anajibu:

Ndugu Mwendo wa Pole, nilifanya kazi ya usajili wa vyombo vya moto kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ajira, kwa hiyo nianze na lile la haraka: usikubali kuandikiwa Opel, hata kwa muda. Kadi ya gari ni utambulisho wa gari mbele ya sheria, wala haikuwekwa kwa ajili ya kumsaidia mtu kukisia gari likoje. Siku ajali ikitokea, mkadiriaji wa bima atasoma YS3 kwenye chesisi, atasoma Opel kwenye kadi, na hatafikiria kwamba kompyuta ya ofisi ilikosa jina. Atafikiria kwamba gari limebadilishwa namba. Polisi na mnunuzi wa baadaye watafikiria hivyohivyo. Na hilo la kurekebisha baadaye ni gumu kuliko unavyodhani, kwa kuwa kubadili chapa kwenye kumbukumbu iliyokwisha kufungwa huhesabiwa kuwa ni kubadili utambulisho wa gari, na ombi la namna hiyo huchunguzwa kwa jicho kali zaidi kuliko usajili mpya.

Mifumo mingi niliyoifanyia kazi ilikuwa na njia ya pembeni kwa mambo kama haya: ama neno "nyinginezo" pamoja na nafasi ya kuandika jina, ama msimamizi mwenye ruhusa ya kuongeza chapa kwenye orodha. Karani wa dirishani hana mamlaka hayo, na kumbana yeye ni kumwonea. Andika barua kwa mkuu wa kitengo, taja jina kamili la mtengenezaji, herufi tatu za mwanzo za chesisi, na ambatisha picha ya bamba la mtengenezaji lililoko kwenye gari. Omba jibu la maandishi.

Sasa kuhusu mrithi. Watu husema chapa imekufa kana kwamba chapa zote hufa kwa namna moja, na hapo ndipo barua nyingi zinapopotea njia. Kuna chapa zilizoachwa na kampuni ambayo yenyewe ingali hai: Oldsmobile ilikomeshwa mwaka 2004, Pontiac na Saturn mwaka 2010, lakini General Motors ipo na ina anwani. Kuna chapa zilizobadilishwa jina tu, kama Daewoo, ambayo katika soko la Ulaya iligeuzwa kuwa Chevrolet kuanzia 2005 hivi, kiasi kwamba Matiz ya namna ileile inaweza kuwa Daewoo kwenye kadi moja na Chevrolet kwenye nyingine. Hizo zina mtu wa kumwandikia. Balaa liko kwenye kundi la tatu, pale kampuni nzima ilipoanguka na vipande vyake vikagawanywa. Tazama Rover: MG Rover iliporomoka mwezi Aprili 2005, mali za kiwanda zikanunuliwa na kampuni ya Nanjing ya China, ilhali jina la Rover lilikuwa mikononi mwa BMW, likauzwa kwa Ford mwaka 2006, na baadaye likaishia kwa Jaguar Land Rover. Mwenye Rover 75 anayemwandikia mwenye jina leo anamwandikia mtu ambaye hakuwahi kuliunda gari lake.

Saab ni hivyohivyo, pengine kwa utata zaidi. General Motors iliiuza kwa kampuni ya Spyker mwaka 2010, Saab ikafilisika mwishoni mwa 2011, na mwaka 2012 mali zake zikachukuliwa na kampuni iitwayo NEVS, ambayo baadaye ilipoteza haki ya kulitumia jina la Saab. Biashara ya vipuri ilibaki kando, katika kampuni iliyokuja kuitwa Orio. Na jina la Saab lenyewe ni la kampuni ya Uswidi inayounda ndege za kivita na zana za ulinzi. Ukiandika bahasha yenye maneno "Saab, Uswidi", barua yako inaweza kumfikia mtu anayeshughulika na ndege za Gripen, ambaye atakujibu kwa adabu kwamba hana habari na gari lako.

Kwa sababu hiyo, acha kutafuta nani ana jina na utafute nani ana kumbukumbu. Wenye kumbukumbu ni wawili, na wote hawafilisiki. Wa kwanza ni mamlaka ya serikali iliyotoa idhini ya muundo. Katika mfumo wa Ulaya kila idhini ina namba inayoanza na herufi "e" ikifuatiwa na tarakimu ya nchi iliyoitoa: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 5 ni Uswidi, na 11 ilikuwa Uingereza ilipokuwa katika mfumo huo. Faili la idhini hubaki kwa mamlaka hiyo hata mtengenezaji akitoweka. Wa pili ni ofisi iliyolisajili gari lako kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Gari jipya linaposajiliwa, takwimu za hati ya ulinganifu ndizo huingizwa kwenye daftari la nchi hiyo. Kwa hiyo omba dondoo kamili ya kumbukumbu za kiufundi, si nakala ya kadi tu. Dondoo yenye muhuri wa serikali, pamoja na uthibitisho kwamba mtengenezaji hayupo, ni kitu ambacho afisa anaweza kukiweka kwenye faili bila kuogopa mkaguzi wa hesabu.

Fundi Spana anajibu:

Mzee wetu Karani amemaliza suala la ofisi, mimi nizungumze na gari lenyewe, kwa sababu mambo ambayo afisa anayaona kuwa ni mgongano yameandikwa wazi kwenye chuma.

Anza na namba ya chesisi. Ina herufi na tarakimu 17, na kila nafasi ina kazi yake. Tatu za mwanzo humtaja mtengenezaji, na hugawiwa kwa kufuata nchi ambako mtengenezaji huyo ana makao yake, si lazima iwe nchi ambako gari lilifungwa bolti. YS3 ni Saab Automobile ya Uswidi. Lakini 9-3 za paa la kukunjwa za kizazi chako ziliundwa Graz, Austria, na Magna Steyr, kwa mkataba, kabla ya kazi hiyo kurudishwa Trollhättan, Uswidi. Mtengenezaji kisheria alibaki Saab, kwa hiyo herufi zikabaki za Uswidi, na ankara yako iliyotaja Austria ilikuwa sahihi kabisa. Kiwanda chenyewe hutajwa katika nafasi ya kumi na moja. Ukitaka kumwonyesha afisa kwamba jambo hili si la ajabu, mwambie kwamba Saab 9-2X iliundwa Japani na Subaru na namba yake huanza na JF4, na 9-7X iliundwa Moraine, Ohio, ikapewa 5S3. Jina moja kwenye boneti, nchi tatu kwenye chesisi.

Mwaka nao unaelezeka. Nafasi ya kumi ya namba ya Saab hutaja mwaka wa toleo, na mwaka wa toleo hautembei pamoja na kalenda: viwanda huanza kuunda magari ya toleo la mwaka unaofuata tangu katikati ya mwaka. Tarakimu 8 katika nafasi hiyo ni toleo la 2008, na gari la toleo la 2008 kusajiliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja 2007 ni jambo la kawaida sana. Kwenye barua yako usiandike kwamba kuna makosa katika hati mojawapo, kwa sababu hakuna. Andika tarehe ya usajili wa kwanza peke yake, kisha mwaka wa toleo peke yake, na uombe kila kimoja kiwekwe mahali pake kwenye fomu. Fomu ikiwa na nafasi moja tu, uliza kanuni inataka kipi, kwa kuwa kodi na masharti ya umri wa gari huenda vikategemea jibu hilo.

Baada ya hapo chukua tochi na simu yenye kamera. Namba ya chesisi huonekana chini ya kioo cha mbele upande mmoja, na imepigwa pia kwenye chuma cha bodi. Zote mbili lazima zilingane herufi kwa herufi. Kisha tafuta bamba la mtengenezaji, ambalo mara nyingi liko kwenye nguzo ya mlango. Juu yake kuna jina la mtengenezaji, namba ile ya idhini inayoanza na "e", namba ya chesisi, halafu uzito wa aina nne: uzito wa juu wa gari, wa gari pamoja na tela, wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma. Lifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usitumie petroli wala msasa. Nimeona bamba lililopotelewa na namba ya idhini kwa sababu ya bidii ya usafi, na baada ya hapo mwenye gari hakuwa na cha kuonyesha.

Angalizo moja ambalo haukuuliza. 9-3 za toleo la 2003 hadi 2011 ziliingizwa katika mwito wa kurejesha magari kwa ajili ya mifuko ya hewa yenye hitilafu iliyoundwa na kampuni ya Takata, upande wa dereva, na nchini Marekani ni General Motors iliyotangaza mwito huo mwaka 2016, miaka kadhaa baada ya kuiuza Saab. Yapo maeneo ambako ukaguzi haupitishwi ikiwa kazi hiyo haijafanyika. Omba karatasi ya gereji iliyobadilisha, au hakikisha namba yako ya chesisi kabla ya kwenda ukaguzini.

Bi Hati anajibu:

Ninawashukuru waliotangulia, ila ninatofautiana kidogo na Karani Mstaafu kuhusu njia ya kufuata, na ninataka pia kumwonya muuliza swali juu ya kitu ambacho bila shaka ameshakiona mtandaoni.

Kwanza onyo. Ukitafuta hati ya ulinganifu ya chapa iliyokufa, utakutana na wauzaji wengi wanaoahidi kuituma kwa malipo, wakitaka namba ya chesisi tu. Hati ya ulinganifu hutolewa na mtengenezaji au mwakilishi wake aliyeidhinishwa, na thamani yake yote iko katika saini ya mtu anayebeba wajibu. Wanachouza wengi wa hao ni jedwali la takwimu lililochapwa kwenye karatasi nzuri. Takwimu zenyewe huenda ni sahihi, na zipo ofisi zinazozikubali kama maelezo ya kiufundi, lakini usiikabidhi karatasi hiyo ukiiita hati ya ulinganifu. Mkaguzi akigundua, kosa linakuwa lako. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja kwa maandishi: nani anatia saini, na kwa mamlaka ya nani? Jibu likizunguka, funga ukurasa.

Vilevile kuna vyeti vya makumbusho. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon, kwa mfano, hutoa vyeti vinavyotokana na madaftari ya viwanda vya zamani vya Austin, Morris na wenzao. Ni ushahidi mzuri wa tarehe gari lilipoundwa na rangi lililotoka nayo, na kwa gari la kihistoria vinaweza kuwa ndiyo msingi wa usajili, lakini haviongelei moshi wala breki. Havifai kwa gari la mwaka 2007.

Sasa hoja yangu. Kuandikia mamlaka za nchi mbili za kigeni, kungojea majibu, kuyatafsiri kwa mtafsiri aliyeapishwa, kisha kuyarudisha kwa afisa ambaye tangu mwanzo hakutaka kuamua, kunaweza kumaliza subira ya mtu yeyote. Nchi nyingi zina utaratibu wa idhini ya gari mojamoja, ambapo mhandisi aliyeidhinishwa hulipima gari lenyewe, taa, breki, kelele na moshi, kisha hutoa ripoti inayosimama badala ya hati ya mtengenezaji. Sheria ya Ulaya ina sura yake kuhusu jambo hili, na Uingereza nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Unagharimu zaidi, ni kweli. Lakini unamalizikia mikononi mwa mtu aliyeliona gari, na hautegemei kampuni iliyokufa hata kidogo. Mimi ningeuliza kwanza kama utaratibu huo upo, ndipo niamue kama barua zina maana.

Karani Mstaafu anaongeza:

Bi Hati, sina ugomvi na hoja yako, ila nitakuomba ukumbuke kwamba mhandisi huyo naye atataka takwimu. Hawezi kupima uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kulitazama gari, wala kiasi cha kaboni dioksidi ambacho gari lilipimwa nacho maabara lilipoidhinishwa, na katika nchi zinazotoza kodi kwa kufuata kaboni, takwimu hiyo ikikosekana gari hupangwa kwenye daraja la juu. Dondoo ya usajili wa kwanza hupunguza kazi ya mhandisi na gharama ya mwenye gari. Kwa hiyo aiombe leo, hata kama kesho ataenda kwa mhandisi.

Eunos wa Zamani anajibu:

Nimesoma mjadala huu kwa hamu kwa sababu mimi nina shida ya upande mwingine, na huenda ikamsaidia msomaji mwenye gari lililotoka Japani. Gari langu ni Eunos Roadster. Eunos ilikuwa chapa ya Mazda kwa soko la Japani, ikaachwa katika miaka ya 1990, na nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Mazda MX-5. Mtengenezaji yu hai na anajibu barua. Kilichogoma ni namba.

Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hayakupewa namba ya nafasi 17. Yana namba ya fremu iliyo fupi: msimbo wa muundo, kwa gari langu NA6CE, kisha kistari, kisha tarakimu. Kompyuta iliyowekwa kukubali nafasi 17 tu huikataa. Mtu mmoja alipendekeza zijazwe sifuri mwanzoni mpaka zitimie, na nilikataa kwa sababu zilezile alizozitoa Karani: namba yenye sifuri za kujaziwa haipo popote kwenye chuma cha gari, wala kwenye cheti cha Kijapani cha kuliondoa gari nchini humo. Kilichofanikiwa ni kuomba fomu ya magari yasiyo na namba ya kimataifa, ambayo ilikuwepo ofisini muda wote ila haikuwa ikitumika mara nyingi.

Kwa upande wa chapa, niliandikiwa Mazda kama mtengenezaji na Eunos Roadster kama muundo. Hapo ni tofauti na Saab kuandikwa Opel, kwa kuwa Mazda kweli ndiye aliyeliunda. Kampuni ya bima iliomba barua fupi inayoeleza kwamba Eunos na MX-5 ni gari moja, na nilipoiambatisha kwenye mkataba wenyewe, badala ya kuiacha kwenye barua pepe, swali halikurudi tena wakati wa kuhuisha bima. Ndugu Mwendo wa Pole, ukishasajiliwa, dai kampuni yako ya bima iandike Saab kwenye mkataba, hata kama mfumo wao unaonyesha "nyinginezo" kwenye skrini.

Mwendo wa Pole anarudi:

Ninawashukuru sana nyote. Bamba nimelipata kwenye nguzo ya mlango, linasomeka vizuri, na namba ya idhini ipo. Barua ya kuomba dondoo imeshatumwa, na nimeuliza kuhusu mhandisi. Utaratibu wa idhini ya gari mojamoja upo. Limejitokeza jambo jipya. Kadi ya zamani inasema kilowati 129 na ujazo wa injini sentimita za ujazo 1,998. Fomu ya hapa inataka nguvu za farasi. Tovuti moja inaniambia 175, nyingine 173, na karani ameniambia kwamba Saab 2.0 aliyowahi kuiona ilikuwa na 150. Niandike ipi?

Fundi Spana anajibu:

Andika kilowati 129 popote unaporuhusiwa, kwa sababu ndicho kipimo kilichoko kwenye hati rasmi. Fomu ikilazimisha farasi, uliza ni farasi wa kipimo gani: wa kimetriki ni sawa na kilowati 0.7355, na hapo unapata 175. Wa Kiingereza ni kilowati 0.7457, na hapo unapata 173. Gari ni lilelile. Na karani wako hakukosea kuhusu ile 150. Injini ya B207 yenye ujazo wa 1,998 ilitolewa kwa nguvu tatu tofauti: B207E yenye kilowati 110, B207L yenye 129, na B207R yenye 154. Yako ni B207L. Msimbo umepigwa kwenye injini yenyewe, kwa hiyo upige picha uiambatishe, maana bila msimbo huo mtu anaweza kukuwekea takwimu za dada yake mwenye nguvu kubwa na kodi ikafuata.

Karani Mstaafu anajibu:

Nyongeza ya mwisho kutoka kwangu, Ndugu Mwendo wa Pole. Peleka vyote kwa pamoja: barua ya chapa, dondoo, picha za bamba, picha ya msimbo wa injini, maelezo ya mwaka wa toleo na ya Graz katika ukurasa mmoja, na ripoti ya mhandisi itakapokuwa tayari. Faili likiingia vipandevipande, kila kipande huangukia meza ya mtu tofauti, na kila mtu huanza upya na swali la Uswidi na Austria. Dai risiti inayoorodhesha viambatisho kwa majina.

Kadi ikichapwa, isome hapohapo dirishani kabla hujatia saini, herufi moja baada ya nyingine, huku umeshika picha ya chesisi. Namba ya kimataifa haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona mojawapo kwenye kadi, jua ni 1 au 0 iliyoandikwa vibaya, na siku hiyohiyo karani anaweza kuisahihisha kabla kumbukumbu haijafungwa.